Pikipiki Inayovuta Upande: Anza Kukagua Nyuma

Ukitoka Lupiro kuelekea Ifakara kwa pikipiki, changarawe na mashimo huficha ubovu mwingi. Hendo inatikisika, gurudumu linateleza, nawe unailaumu njia. Ukifika kwenye lami ya maingilio ya daraja la mto Kilombero, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, mtikisiko unakatika na ukweli unajitokeza. Pikipiki inavuta upande mmoja, au inalala kirahisi kwenye kona za kulia na kugoma kwenye za kushoto. Madereva wengi hapo hukimbilia kwa fundi na kumwambia abadilishe koni, yaani beringi za shingo ya usukani. Fedha inatoka, na pikipiki inaendelea kuvuta vilevile.

Ubovu wa namna hii husikika mikononi, lakini mara nyingi umeanzia kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi uanzie huko.

Kabla ya spana yoyote, itoe barabara kwenye hesabu. Barabara hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuvutwa kidogo kushoto ni jambo la kawaida. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari wala watoto, vaa kofia, nenda mwendo wa wastani, kisha legeza vidole bila kuiachia hendo. Ikivuta hata hapo, una tatizo la kweli. Angalia pia inavuta lini: muda wote, unapofunga breki tu, au ukiwa na mzigo tu? Jibu hilo litamwokolea fundi nusu ya kazi.

Pima upepo tairi zikiwa baridi. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 hutaka psi 25 hivi mbele, na nyuma 28 kwa mtu mmoja au 32 ukipakia. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo huifanya pikipiki nzima iyumbe kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja.

Sasa njoo kwenye mnyororo. Kila unapokazwa, ekseli ya nyuma husogezwa kwa nati mbili, moja kila upande. Fundi mwenye haraka hukaza ya upande wa mnyororo zaidi ya mwenzake, na gurudumu linakaa mshazari. Kuanzia hapo gurudumu la nyuma linataka kwenda upande wake, la mbele linalazimika kulirekebisha, na wewe unapinda mkono safari nzima bila kujua sababu. Alama zilizochongwa karibu na ekseli husaidia, ila siziamini peke yake, maana kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka zinaweza kudanganya. Tumia uzi. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, chini ya usawa wa ekseli, uvute ncha zake mbele pande zote mbili hadi zilipite tairi la mbele, ziguse tairi la nyuma kwa mbele na kwa nyuma. Nyosha usukani. Kama tairi la nyuma ni inchi 3.00 na la mbele 2.75, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe milimita 3 hivi kila upande. Ukikuta upande mmoja una 6 na mwingine uzi umegusa mpira, umepata mchawi wako, na dawa yake ni spana na dakika chache.

Nafasi zikiwa sawa, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma, ulitikise kulia na kushoto. Gurudumu likicheza peke yake, beringi zimekwisha. Likicheza pamoja na mkono wa chuma unaolibeba, bushi za mkono huo ndizo zimelika. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo; inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Hakikisha pia shokapu mbili za nyuma zimewekwa kwenye ngazi ileile ya ugumu.

Baada ya hapo ndipo uende mbele. Inua gurudumu la mbele, geuza hendo polepole. Ikinasa katikati, vikombe vya koni vimechimbika na vibadilishwe. Shika miguu ya shokapu za mbele, uivute na kuisukuma. Ukisikia kugonga, koni zimelegea. Kuzikaza kupita kiasi nako ni ubovu, kwani pikipiki itapepesuka kwenye mwendo mdogo. Hendo ikikaa upande wakati gurudumu limenyooka, shokapu zimejipinda kwenye vishikizo vyake baada ya kuanguka, na mara nyingi kulegeza bolti na kuzipanga upya kunatosha. Bomba la shokapu lenyewe likipinda, nakataa kabisa linyooshwe kwa moto. Chuma kilichochomwa hivyo hupoteza nguvu, na hakuna abiria anayestahili kubebwa juu yake.

Bonde la Kilombero lina mambo yake. Msimu wa mavuno magunia ya mpunga hufungwa nyuma kabisa ya keria, uzito unapita ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na hendo inaanza kucheza. Hiyo si kasoro ya pikipiki. Sogeza mzigo mbele na uuweke katikati. Masika yanapoleta tope, epuka kuelekeza maji ya pampu ya presha kwenye kitovu cha gurudumu na shingo ya usukani. Maji hupenya, hufukuza grisi, na beringi huoza kimyakimya.

Dereva mwenzangu, unayekwenda Mahenge, Malinyi au mbali zaidi na abiria mgongoni, usinunue kifaa chochote kabla fundi hajakuonyesha kwa mkono wake kinavyocheza au kilivyopinda. Na kila mnyororo unapokazwa, dai gurudumu lipimwe kwa uzi kabla hujawasha injini.