Feni na koili ya chumba baridi: namna ya kuifunga na kuitumikisha



Tulifika kwa depo moja, hatutaitaja jina, yenye chumba baridi kipya. Mashini ilikuwa inanguruma mchana na usiku, lakini ndani kabichi zilikuwa zimegeuka manjano na tomati za chini zinatoa maji. Wamama waliokuwa wameleta mizigo walisema wameuziwa mashini mbovu. Tulipoangalia vizuri, mashini ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwa namna ilifungwa, na zaidi kwa namna watu walipakia.

Kwanza tujue kitu hiki: mashini haitengenezi baridi, inaondoa joto. Lile sanduku la chuma unaloliona juu ndani ya chumba lina koili, ni kusema tiyo iliyokunjwa mara nyingi na kupita kati ya vibati vyembamba vya alumini. Ndani ya tiyo mnapita gesi ya frigo, baridi sana. Feni (vantilatere) inavuta hewa ya chumba na kuipitisha kati ya vibati. Hewa inaacha joto lake pale, kisha inarudi kwa mizigo. Gesi inabeba lile joto mpaka kwa koili ya pili iliyo nje, na feni ya nje inalitupa. Nyumba zingine za Ulaya ziko na mashini inayofanana na hii, ila kwa koili yao mnapita maji: ya moto wakati wa baridi kali, ya baridi wakati wa jua. Kwa yote mawili, hewa isipopita kwenye koili, hakuna kazi inayofanyika.

Kufunga tiyo za gesi ni kazi ya fundi aliyejifunza, usimwachie mtu wa kubahatisha. Lakini kamati yenu isimame pale na kuangalia. Sanduku la ndani lisiwekwe juu ya mlango, sababu litavuta hewa ya moto kila mara mlango unapofunguliwa. Nyuma yake kubaki nafasi ya kuvuta hewa. Koili inatoka jasho kama chupa baridi ya bia, kwa hiyo kuna tiyo ya kutoa maji. Tiyo hiyo iteremke, na huko nje ikunjwe kama herufi U ili maji kidogo yabaki ndani na kuzuia hewa ya moto na mende.

Mashini ya nje ndiyo inaharibiwa sana na woga wa wezi. Watu wanaijengea kanyumba ka matofali, wanaifunga kabisa. Sasa inavuta lile joto ililolitupa, inachoka, inakula umeme mingi. Ijengee uzio wa vyuma vyenye nafasi, uiweke kwa kivuli, juu ya simenti, mbali na vumbi la barabara.

Sasa kupakia. Tomati tani moja iliyotoka shambani na joto la nyuzi 25, ukitaka ishuke mpaka 12, joto la kuondoa linatosha kuchemsha maji karibu lita 150, yaani bido saba za lita 20 na zaidi. Hiyo ni kwa tani moja tu! Ndiyo maana tunasema vuneni asubuhi mapema, mizigo ipumzike kwa kivuli, kisha iingie kidogo kidogo. Ukiingiza yote kwa mara moja saa nane ya mchana, hata ile iliyokuwa imepoa inapata moto tena.

Makasha yawekwe juu ya mbao, si kwa simenti. Acheni kama sentimita 10 kati ya makasha na ukuta, na msipange mpaka kwa dari. Mbele ya feni pabaki wazi. Kwa ile depo tuliyotembelea, makasha yalikuwa yamefunika feni yenyewe.

Mazao hayapendi baridi sawa. Kabichi na karoti zinapenda kati ya nyuzi 0 na 5. Tomati zisishuke chini ya 10, ndizi mbichi chini ya 13, zitaharibika hata kama hazijaoza. Tena ndizi na avoka zinazoiva zinatoa hewa inayofanya kabichi kuwa manjano na karoti kuwa chungu. Kama chumba ni kimoja, chagueni zao moja kwa wakati mmoja. Najua memba watabishana juu ya hilo, lakini ni bora mabishano kuliko hasara.

Ukiona barafu nyeupe imefunika vibati vya koili, hewa haipiti tena. Usichukue kisu wala bisibisi: tiyo ikitoboka, gesi yote inatoka. Fundi awaonyeshe swichi ya kusimamisha kompresa huku feni ikiendelea, barafu iyeyuke yenyewe. Mara nyingi barafu inaletwa na mlango unaofunguliwa ovyo, au vumbi kwa vibati. Sugueni vibati polepole kwa brashi laini wakati umeme umekatwa.

Umeme ukikatika na kurudi, ngojeni dakika tano mbele ya kuwasha kompresa. Mlango ubaki umefungwa muda wote huo.

Andikeni kwa daftari joto la chumba asubuhi na jioni. Kama linapanda na barafu haiko, iteni fundi. Mjue pia kwamba gesi haiishi kama mafuta ya moteri, inazunguka tu ndani ya tiyo. Fundi akitaka kuongeza gesi kila mwezi, mwambieni kwanza aonyeshe ni wapi inavuja na apazibe, ndipo mumlipe.