Picha Iliyotikisika na Ukweli wa Nuru

Katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, nchini Ufaransa, mnamo mwaka 1826 au 1827, Nicéphore Niépce aliweka dirishani kwake kisanduku cheusi chenye lenzi, na ndani yake bamba la madini lililopakwa namna ya lami ambayo huwa ngumu ipigwapo na jua, akaliacha bamba hilo liyatazame mapaa ya majengo kwa muda wa saa 8 kwa uchache, na pengine kwa siku kadhaa, hata ikatoka picha ambayo ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia miongoni mwa picha zilizopigwa kwa kamera. Aitazamaye kwa makini huona jambo la ajabu: kuta za mkono wa kuume zimepigwa na jua, na kuta za mkono wa kushoto nazo zimepigwa na jua. Hakuna mwanadamu aliyepata kuuona ua ule katika hali ile, kwa kuwa jua liliangaza upande mmoja asubuhi na upande wa pili alasiri, nalo bamba likazikusanya nyakati zote mbili katika uso mmoja. Walakini hamna hata chembe ya uwongo ndani yake.

Naitaja picha hiyo kwa sababu wako watu wengi, na baadhi yao ni wapiga picha hodari, wanaoamini ya kuwa kazi ya kamera ni kuliiga jicho, na ya kuwa picha ya maumbile isiyoonyesha jani na mishipa yake, au ndege na manyoya yake, ni picha iliyoharibika. Ikitoka na ukungu husema imetikisika, wakaifuta. Naona wanaidhulumu. Iko sanaa ya kupiga picha za misitu, maji, mawingu na ardhi kwa namna ambayo mipaka ya vitu huyeyuka, ikabaki rangi, mwendo na umbo tupu. Na sanaa hiyo haikuikimbia sayansi hata kidogo, bali hutii kanuni za nuru kwa ukamilifu uleule wa picha ya kawaida, na katika baadhi ya mambo hutuarifu habari za ulimwengu ambazo picha safi haina uwezo wa kutuarifu.

Msingi wa kanuni hizo si mgumu. Bamba, filamu, au kihisio cha kamera za siku hizi hakijui kutangulia wala kufuata; hujua kujumlisha tu. Muda wote pazia la kamera liwapo wazi, kila nukta hupokea nuru iiangukiayo na kuiongeza juu ya ile iliyokwisha kupokewa, na pazia likifungwa, kinachosomwa ni jumla. Kwa hiyo kitu kilichotulia huandikwa kwa nguvu, kitu kipitacho huandikwa kwa kadiri ya muda kiliokaa mahali pamoja, na kitu cheusi kikipita upesi mbele ya kitu cheupe aghalabu hakiandikwi kabisa. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple mjini Paris, barabara yenye msongamano wa watu na magari ya farasi, na barabara ikatoka tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Kitu king'aacho kina bahati nyingine: kimeta cha jua juu ya maji, hata kikidumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, huacha alama yake, na kamera ikiwa katika mwendo alama hiyo huwa mstari wenye kupindapinda kama mkono ulivyopinda.

Sasa na tuitwae kamera, tuitikise kwa makusudi. Mpiga picha asimame mbele ya shamba la minazi wakati wa macheo, afungue pazia kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo ainue kamera polepole kutoka chini kwenda juu, akiufuata urefu wa shina. Kila nukta ya shina iondokapo mahali pake katika picha hufuatwa na nukta nyingine ya shina lilo hilo, yenye rangi iliyokaribiana nayo, hata kingo mbili za shina zikasalia zimenyooka na kuonekana dhahiri. Lakini vidato walivyochonga wakwezi, na makovu ya makuti yaliyoanguka, kwa kuwa vimelikata shina kwa mapana, husambazwa na kupotea. Mstari ukivutwa katika njia yake wenyewe hubaki mstari. Ukivutwa kwa kuikata njia yake huwa utepe, na ukizidi kuvutwa huwa ukungu. Ndiyo sababu mnazi ulioinama hutoka katika picha ya namna hii ukiwa mpana kuliko mnazi uliosimama wima, na upana huo ulioongezeka ni kipimo cha haki cha mwinamo wake. Aipelekaye kamera kwa ulalo mbele ya bahari hupata kinyume cha hayo: upeo wa macho husalia kama ulivyo, na mawimbi hugeuka matabaka, kijani cha maji mafupi juu ya mchanga, samawati ya kilindini, na weupe wa povu la mwambani uliofanywa utepe mmoja.

Ugumu huja mchana. Kwa jua kali la adhuhuri, filamu ya wepesi wa 100 na tundu la lenzi la f/16 huhitaji pazia lifunguke kwa sehemu 1 kati ya 100 ya sekunde tu. Tundu likipunguzwa hadi f/22 muda huo huongezeka maradufu, nao bado hautoshi. Hapo hutiwa mbele ya lenzi kioo cheusi kinachopitisha sehemu 1 kati ya 32 ya nuru, na muda ukazidi kidogo sekunde 0.6. Alfajiri na magharibi hazihitaji kioo hicho.

Njia ya pili ni kuitoa lenzi katika fokasi. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa mjini Cairo, alikwisha kubainisha katika Kitab al-Manazir, mapema katika karne ya 11, ya kwamba kila nukta ya kitu kilichoangazwa hutoa nuru pande zote kwa mistari iliyonyooka. Lenzi huikusanya mionzi ya nukta moja na kuikutanisha katika nukta moja. Lakini bamba likiwa mbele au nyuma ya makutano hayo, nukta huenea ikawa duara, na duara hilo huchukua umbo la tundu la lenzi lenyewe. Matone ya umande juu ya nyasi huwa sahani za nuru zinazopandana, na pale zipandanapo rangi zao hujumlishwa.

Mtu aliyeitetea njia hii kwa hoja za elimu ni daktari Peter Henry Emerson, aliyezaliwa Cuba na kuishi Uingereza, ambaye katika kitabu chake Naturalistic Photography cha mwaka 1889 alitegemea mafunzo ya Hermann von Helmholtz juu ya jicho. Jicho letu, alisema, halioni vyote kwa usawa. Na kweli sehemu ya retina ionayo kwa ukamilifu ni ndogo mno, hata katika yale tuyatazamayo upana wake haupiti sana ukucha wa dole gumba la mkono ulionyoshwa. Twadhani twaona kila kitu barabara kwa sababu jicho huruka huku na huku mara kadhaa katika kila sekunde, na akili ikaunganisha vipande. Basi picha iliyo kali kila mahali, kwa hoja hiyo, ndiyo iliyo mbali na kuona kwa mwanadamu. Mwaka 1890 Emerson aliikana itikadi yake hadharani, kwa sababu, pamoja na mengine, ya utafiti wa Ferdinand Hurter na Vero Driffield, waliothibitisha ya kuwa weusi wa bamba hufungamana na nuru kwa kanuni ya hesabu. Akahukumu kwamba upigaji picha hauwezi kuwa sanaa. Kwa maoni yangu alikosea alipojikana, si alipodai. Vina na mizani havikumnyima malenga uhuru wake, na kanuni ya bamba haikumnyima Emerson uhuru wa kuchagua saa, mahali, na kiasi cha ukungu.

Lakini mwalimu mkuu wa sanaa hii ni maji. Asimamaye kwenye gati ya Lamu au ya Unguja katika majira ya tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, huuona ubavu wa jahazi uliopakwa rangi ukikatikakatika majini na kuungana tena. Kioo kikiinamishwa digrii moja, mwonzi unaoakisiwa hugeuka digrii mbili. Kwa hiyo kiwimbi chenye mwinamo wa digrii 5 tu hulihamisha jicho digrii 10, na hizo zatosha kulitoa katika mbao za ubavu na kulitupa angani. Uso wa kiwimbi unaomwelekea mtazamaji humwonyesha mbingu ya juu, na mahali palipo tambarare humwonyesha mbao na kamba. Nyekundu ya jahazi na samawati ya mbingu, basi, hazichanganyiki. Hukaa sako kwa bako katika mapande yenye kingo laini, na mapande hayo mara kwa mara huwa pete kamili, zinazokatika kutoka katika taswira kubwa, zikasinyaa, zikatoweka. Pazia la sehemu 1 kati ya 500 ya sekunde huzidaka pete hizo zingali nzima, ilhali pazia la sekunde moja huzifuta na kuacha wastani wake. Fauka ya hayo, maji hayaakisi kwa kiasi kimoja: atazamaye wima chini yake hurudishiwa takriban asilimia 2 tu ya nuru, ndipo akaona mchanga na samaki, na mwonzi ukilala karibu na uso wa maji hurudi karibu wote. Picha moja hubeba bahari upande wa chini na mbingu upande wa juu.

Wastani huo nilioutaja si hasara. Mwaka 1954 Charles Cox na Walter Munk walitangaza matokeo ya picha zilizopigwa kutoka katika ndege katika eneo la Hawaii, za vimeta vya jua juu ya bahari. Hawakuhesabu kimeta kimoja kimoja. Walipima mng'ao wa wastani wa kila sehemu ya uso wa maji, wakapata kujua kutokana nao ni mara ngapi mawimbi huinama kwa kila mwinamo, na jinsi miinamo hiyo inavyozidi kadiri upepo uvumavyo. Kanuni yao ingali ikitumika katika kusoma picha za satelaiti. Utando wa nuru ambao mtazamaji angeuita mchafuko tu ulikuwa na habari za upepo ndani yake.

Sanaa hii haina haja ya ukungu kila mara. Alfred Stieglitz, kuanzia mwaka 1922, aliyapiga picha mawingu juu ya Lake George, jimbo la New York, na baadaye akaziita picha hizo Equivalents; katika nyingi ya hizo aliuacha upeo wa ardhi nje, hata mtazamaji asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Mabamba ya zama za kwanza yalikuwa mepesi mno kwa rangi ya samawati, hata anga likatoka jeupe na mawingu yakazama ndani yake; kazi kama ile ilirahisishwa na mabamba yaliyofunzwa kuhisi rangi zote.

Vivyo hivyo Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, likitazamwa kutoka katika ndege wakati wa kiangazi, ni wekundu na weupe usio na kitu cha kukipimia ukubwa. Wekundu ni vijidudu vipendavyo chumvi, vyenye rangi mwilini mwao. Weupe ni magadi yaliyosalia baada ya maji kukauka, kwa kuwa ziwa hilo halina mto utokao. Heroe wadogo huzaliana huko kwa wingi usio na kifani, nao katika picha ya juu huwa nukta tu.

Liko sharti moja ninalolishikilia. Siku hizi kompyuta yaweza kuutia ukungu katika picha yoyote baada ya kupigwa, na ukungu huo ni hesabu tupu, si nuru iliyojumlishwa. Simkatazi mtu, lakini mtazamaji ana haki ya kuambiwa. Chini ya kila picha ya namna hii naomba paandikwe mahali, saa, na muda wa pazia, maana mwenye kuvijua hivyo huweza kuisoma: utepe wa povu uliokwenda sentimita 30 ufukweni katika nusu sekunde, kamera ikiwa imetulia, humwambia kwamba maji yale yalikuwa yakipanda kwa mwendo wa sentimita 60 kwa sekunde.