Mumiani Hana Mahaba

Juzi nilikuwa Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Busisi, nimekaa kwenye benchi la mamalishe nikisubiri basi la Geita. Daraja la Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, lakini basi lenyewe bado husubiriwa. Binti aliyekaa pembeni yangu alikuwa amezama kwenye simu, anasoma hadithi ya mfululizo, zile ambazo sehemu za mwanzo hutolewa bure na utamu ukikolea unaambiwa ulipie. Nikachungulia, kufundisha fasihi hakumfanyi mtu awe na adabu. Kijana mzuri kupita kiasi, ngozi ya baridi, mchana haonekani, anampenda msichana wa kidato cha sita na usiku kucha anapigana na nafsi yake asimnyonye damu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni vampaya, mzee." Akafikiri kidogo. "Yaani kama jini mahaba."

Nilitarajia aseme mumiani. Mnyonya damu wa Kiswahili si ndiye huyo? Lakini binti hakukosea hata kidogo.

Vampaya wa vitabuni alizaliwa kando ya ziwa, ingawa si hili letu. Mwaka 1815 mlima Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka, na majira ya joto ya mwaka uliofuata huko Ulaya hayakuwa na joto. Juni 1816 Waingereza kadhaa walijikuta wamefungiwa na mvua kwenye jumba la Diodati, ufukweni mwa Ziwa Geneva: mshairi Byron, mwenzake Shelley, Mary wa miaka 18 ambaye baadaye angeolewa na Shelley, na John Polidori, daktari wa Byron. Wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kwa Mary ikaanza Frankenstein. Polidori aliokota wazo ambalo Byron alilianza akaliacha, akalifanya hadithi iliyochapishwa mwaka 1819 kwa jina The Vampyre.

Kabla ya hapo mnyonya damu wa Ulaya alikuwa maiti ya mwanakijiji wa nchi za Balkani: amevimba, mwekundu usoni, ananuka kaburi. Nani angempenda? Polidori alimwogesha, akampa cheo cha lodi, akamkaribisha kwenye sebule za matajiri, na wasomaji wakamtambua Byron mwenyewe ndani yake. Hapo ndipo mapenzi yalipoingia. Vitisho vilikuwapo tayari, kwa sababu tangu Horace Walpole achapishe The Castle of Otranto mwaka 1764 fasihi ya Gothiki ilikuwa na vifaa vyake kamili: kasri bovu, siri ya ukoo, mlango usiofunguliwa, msichana anayekimbia gizani na mshumaa. Vampaya alihamia humo kama mpangaji aliyekuta nyumba ina samani.

Bram Stoker akamkamilisha katika Dracula, 1897. (Dracula wa kitabuni hutembea mchana, nguvu tu humpungua, kuuawa na jua kulitoka kwenye filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, 1922.) Mwaka 1976 mwandishi Anne Rice akampa vampaya nafasi ya kujieleza mwenyewe, naye akalalamika juu ya upweke. Ilipofika 2005, katika riwaya ya Stephenie Meyer, hofu ya msichana haikuwa tena kung'atwa. Alihofia kuachwa.

Sasa turudi kwetu. Mumiani ni neno la Kiajemi kwa asili, jina la dawa nyeusi kama lami iliyoaminiwa kuunga mifupa. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, 1939, inaieleza kuwa dawa ya kupaka, au ya kunywa ikiyeyushwa kwenye samli, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukizuka mji hujifungia jua likizama. Mwenye kuitafuta damu hiyo naye akaitwa mumiani. Kwingine walimwita chinjachinja, na Kenya na Uganda wakasema ni wazimamoto, wale wa gari jekundu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi na kuzitolea kitabu mwaka 2000. Alizisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona ukoloni: kazi, mshahara, hospitali, magari.

Tazama vifaa vya mumiani: gari, sindano, ndoo, shimo. Giza la Gothiki analo, tena tele. Lakini habishi hodi, hana sura nzuri wala haombi kupendwa. Ni mwajiri. Jini mahaba ndiye anayeingia ndotoni, ana wivu, anavunja ndoa za watu, na damu hana haja nayo. Vitu alivyoviunganisha Polidori katika mwili mmoja, Kiswahili kiliviweka mbalimbali: damu bila mapenzi huku, mapenzi bila damu kule. Hadithi za simu sasa zimempa jini mahaba meno, zikamwacha mumiani na gari lake.

Nadhani kumwacha kuna sababu, kwa kuwa huyo bado hajawa hadithi. Oktoba 2016, kijijini Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian na dereva wao waliuawa na wanakijiji walioambiwa kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Na huku kwetu Usukuma tuna alama ya macho. Kwa Meyer, vampaya anayekunywa damu ya watu ana macho mekundu, na msomaji husisimka. Hapa macho mekundu yamewaponza bibi zetu, wakakatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kumbe wamezeeka wakipulizia moto wa kuni na samadi kavu.

Kwa hiyo nikitakiwa kutaja riwaya ya Kiswahili iliyoshika mapenzi na utisho kwa mkono mmoja, simtafuti mwenye meno. Nataja Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ya mwaka 1974. Haina kasri wala popo. Ina Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ina ugonjwa unaopita kitandani, ina kitoto kinachozaliwa na kichwa kikubwa, na baba anayejiua. Kung'atwa kwenyewe ndiko huko: mauti iliyopokewa kwa kukumbatiana.

Nilitaka kumweleza binti hayo yote, basi likaja. Nikamuuliza tu kama mwishoni jamaa anamng'ata.

"Sijui, mzee. Wameishia pale anamshika shingo. Inayofuata ni ya kulipia."

Akaweka simu kwenye pochi, akapanda.