Mashini ya kung'arisha motokari: mbele ya kutoa dekonti yako, soma hii

Tangu kiangazi kianze, watu wanafika ku biro yetu ya sendika na ulizo moja. Mwenye kumaliza kontra kwa sutretansi, mwenye mgongo umekataa kazi ya chini, mama mwenye mtoto amemaliza masomo na hana kazi, wote wanasema vilevile: "Delege, niko na kadekonti kangu, mutoto anajua lavaje, niuze masini gani ya kulustre motokari?"

Ulizo hilo halituchekeshi. Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zimejaa motokari, na vumbi la barabara za shimo linakula rangi yake kila siku. Kuko tena wale wanaouzisha motokari zilizotumika, zinazoshuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa. Motokari ikifika haing'ari, mnunuzi anapunguza bei. Kwa hiyo kazi iko, na mwenye kuifanya vizuri anakula.

Lakini tunakumbuka pia mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa kazi katika mpango wa kuondoka kwa kupenda, ambao Benki ya Dunia ilisaidia kulipa. Baba zetu na wajomba zetu walikuwa mule. Wengine walinunua mashini ya kusaga unga, wengine taksi, wengine friji ya kuuzishia vinywaji, na tuliona kwa macho yetu nyumba ambamo feza iliisha mbele mashini haijalipa hata bei yake. Kosa halikuwa uvivu. Mtu alinunua kitu ambacho hakukijua, kwa sababu jirani alikinunua. Ndiyo maana tumeuliza tolie na pentre tunaowajua, na kati yetu madelege kuko wawili waliofanya miaka mu garaje ya kampuni. Haya ndiyo tunayowaambia watu mu biro.

Kwanza ujue unasugua nini. Motokari nyingi za leo hazina rangi tupu juu. Juu ya bati kuko rangi ya kwanza, kiisha rangi yenyewe, kiisha verni inayoonekana kama kioo. Kila mng'ao uko mu verni. Verni ya fabriki ina unene wa mikroni 35 mpaka 50 hivi; mikroni moja ni milimetri moja iliyogawanywa mara elfu. Chukua karatasi ya biro, ile ya kawaida ya fotokopi: ina mikroni 100 karibu. Basi verni ya motokari ya patro wako haifiki hata nusu ya ukaratasi, na ile mikwaruzo ya mviringo unayoona juani, sawa nyuzi za buibui, iko ndani yake. Mashini ya kung'arisha haijazi mikwaruzo. Inakata verni mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Ukikata sana, verni inaisha, na pale hakuna pati wala sala itakayoirudisha. Ni kupaka rangi upya.

Sasa tuseme juu ya melezi, juu hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Mchimbaji anaijua melezi ya kukata vyuma, pengine iko nayo nyumbani tayari. Ananunua tampo la manyoya sokoni, anajaribu, linaingia vizuri, kwa sababu skrubu ya melezi nyingi na skrubu ya polisezi nyingi ni ileile, M14. Anasema: "Nimepona, sinunue kitu." Hapana. Melezi ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Tulifanya hesabu pamoja na kijana mmoja wa sekondari: tampo la milimetri 125 ku mwendo ule, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilometa 250 kwa saa. Polisezi ya kweli, na tampo kubwa la milimetri 180, ikienda mara 1,500 kwa dakika, ukingo unakimbia kama kilometa 50. Moja ni ndege inataka kuruka, nyingine ni taksi mu avenyu. Melezi inachoma verni kwa kufumba jicho, na tampo lenyewe linaweza kupasuka na kukupiga uso, kwa sababu halikutengenezwa kwa mwendo ule. Melezi ikae mu karakana.

Polisezi za kweli ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza tunaita rotativu. Tampo linazunguka tu, duara moja, pale pale, sawa melezi iliyopunguzwa mwendo, kutoka 600 mpaka 3,000 hivi kwa dakika. Makita ya manjano-kijani, eh, ya buluu-kijani (tolie watatusamehe, kila mtu anaita rangi ile namna yake), ndiyo wengi wanaijua. Ni mashini yenye nguvu, inakata haraka, inaondoa mkwaruzo mrefu ambao nyingine zinapita juu yake. Tolie mzee anaipenda, na ana haki, kwa sababu mkono wake umejifunza miaka 20. Ubaya wake ni joto. Nguvu yote inabaki mahali padogo, na ukisimama dakika nusu pale pale, verni inapata moto, inageuka ukungu, au inaisha. Ku ukingo wa kapo, ku mstari wa mlango, verni iko nyembamba zaidi, pale inatoboka mbele ya pengine pote. Parashoki ni plastiki, haitawanyi joto sawa bati, kwa hiyo inaungua haraka. Na hata pasipo kuunguza, rotativu mu mkono wa mtu mpya inaacha alama za mawimbi, zenye hazionekani kivulini. Mteja anaondoka akifurahi, kesho jua linatoka, anarudi akipiga kelele.

Ya pili ni orbitali. Hapa tampo linazunguka na wakati uleule linatikisika kandokando, sawa dunia inavyojizungusha huku ikizunguka jua. Joto linatawanyika, na ukikandamiza sana tampo linaacha kuzunguka, linatikisika tu. Watu wengine wanaona hiyo ni ubovu: "Masini haina nguvu, inasimama!" Sisi tunaona ndiyo inamlinda mtoto wako. Inasimama mbele ya kuunguza. Kipimo cha kuangalia ni ule mtikisiko, wanauandika kwa milimetri: 8, 15 au 21. Ya 8 ni ya polepole sana ku verni ngumu. Ya 21 ni nzuri ku paa na kapo kubwa ya jipu, lakini ku mahali pa kupinda inasimama-simama na kukuchosha. Ya 15 na plato ya milimetri 125 inaingia karibu popote. Kampuni Rupes ya Italia ndiyo ilifanya mitikisiko mikubwa ile ijulikane, na leo wengi wanaiga, kwa bei ndogo.

Iko na ya tatu, orbitali yenye gia, haikubali kusimama hata ukiikandamiza. Flex ya Ujerumani inafanya moja ya milimetri 8. Iko katikati ya hizo mbili, nguvu na joto. Ni nzuri, lakini kwa kuanza si ya lazima.

Watu wanaoandika juu ya mashini hizi Ulaya hawasemi juu ya delestaje. Sisi tunapaswa kusema. Rotativu nyingi zinakula wati 1,000 mpaka 1,200. Ile grupu ndogo ya wati 650, ambayo iko mu parseli nyingi, haiwezi kuibeba. Utasikia grupu inalia na mashini inakufa. Orbitali ya mtikisiko wa 15 inaweza kuwa ya wati 500 tu, na grupu ile inaweza kuibeba kama iko nzima, ingawa pasipo kitu kingine juu yake. Kwa rotativu hesabu grupu ya kVA 2 au zaidi, na mafuta yake, na uyaweke mu bei unayomwambia mteja. Ralonji ndefu na nyembamba nayo inakula nguvu: mashini inapoteza mwendo, wewe unakandamiza zaidi, na moto unaanza. Nunua waya mnene. Na kama ndugu yako wa Marekani anakutumia mashini kama zawadi, mwambie aangalie volti. Kule ni 120, kwetu ni 220. Ukichomeka tu, imekwisha. Za batri ziko, hazisumbui na waya, lakini bei inapanda na batri moja haimalizi motokari, na batri inachajiwa na umeme uleule wenye haupo.

Iko jambo lingine ambalo sisi wa sendika hatuwezi kuliruka. Kati yenu kuko wale walioshika perforatrisi miaka 10, 15. Vidole vinakufa ganzi asubuhi, vinageuka vyeupe kukiwa baridi. Hiyo ni ugonjwa wa mtikisiko, unajulikana, na hautoki kwa sababu umeacha shimo. Orbitali inatikisika kuliko rotativu, na ya bei ndogo inatikisika kuliko ya bei kubwa. Mwenye vidole vile asishike mashini kutwa. Awe mwenye kazi, apokee wateja, aangalie kwa lampi, mtoto ashike mashini. Rotativu nayo haitikisiki sana, lakini iko nzito, kilo 3 hivi, na ikikamata ukingo inakurushia mkono. Na wenye kifua kilichokwisha kula vumbi la shimo, msikubali kusugua rangi kikavu na karatasi ya msasa. Muwe na maji, kashene na dirisha wazi. Kumwaga verni mpya na pistole ni kazi ingine kabisa, ile verni ya kuchanganya na dirsisere inaleta pumu. Msiifanye mu parseli penye watoto.

Basi tunachagua nini? Kwa mtu anayeanza na dekonti, orbitali ya milimetri 15. Si kwa sababu ni bora kuliko zote. Ni kwa sababu kosa lake linalipika. Inaenda polepole, utamaliza motokari kwa siku mbili pahali pa moja, sawa, lakini motokari ya mtu inarudi nzima. Rotativu itafuata wakati feza ya kwanza imeingia. Na kama sokoni hakuna orbitali, paka rotativu, basi chukua tampo la eponji, acha lile la manyoya, usipite mwendo wa 1,500, na utafute kapo nzee kwa wale wanaokata motokari zilizokufa. Fanya mazoezi mwezi mzima juu yake. Choma verni yake kwa makusudi, ili mkono wako ujue pale moto unapoanzia.

Usimalize feza yote ku mashini. Weka karibu nusu kwa vingine: matampo sita au nane, kwa sababu tampo chafu linakwaruza, pati ya kukata na pati ya kumaliza, vitambaa vya mikrofibri, papie kolanti ya kufunika ukingo na plastiki nyeusi. Na mbele ya kulipa mashini, uliza sharbo. Sharbo zinaisha, ni kawaida, lakini kama hazipatikani mjini mashini yako imekuwa jiwe. Majina makubwa yanaandikwa ku mashini za uongo pia. Iwashe pale dukani, igeuze mwendo kutoka chini mpaka juu, ishike dakika tano. Ikinuka, irudishe.

Kazi yenyewe inaanza na maji. Vumbi letu lina mchanga mgumu kuliko verni, ukisugua motokari pasipo kuiosha vizuri unatengeneza ile mikwaruzo unayolipwa kuiondoa. Maji mengi kwanza, kiisha shampo, kiisha maji tena. Kiisha zima taa, vaa lampi yako ya kofia, ile ya shimoni, na uangalie kapo kwa upande. Hakuna mwanga mwingine unaoonyesha mikwaruzo vile, na Mungu ashukuriwe tuko nayo bure. Jaribu mahali padogo, sentimetri 50 kwa 50, na tampo laini na pati laini. Ikitosha, usiende kwa kali. Weka mgongo wa mkono juu ya bati: ukishindwa kuuacha pale, umepita. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake, uuache. Uko ndani kuliko verni inavyoruhusu, na mteja aambiwe hivyo mbele.

Tunasema mbele, kwa sababu mwaka huu kijana wa mwanachama mmoja alitoboa kapo ya motokari nyeusi ya mkubwa fulani. Motokari ile ilikuwa imepakwa rangi upya siku nyingine, verni haikuwa hata ya fabriki, na hakuna aliyemwambia. Mwenyewe alidai kapo mpya. Baba yake alitoa mishahara miwili. Tulienda kuzungumza, tukapata ipunguzwe, lakini hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Sasa tunawapa wote karatasi moja ya kujaza mbele ya kazi: namba ya motokari, alama zilizokuwapo, mwenyewe anajibu kama imepakwa rangi tangu itoke fabriki, ni mikwaruzo gani itabaki, na sahihi mbili. Picha za telefoni pia, pande zote nne na paa. Karatasi iko ku biro, ni bure, na mwenye hajui kuandika delege atamwandikia.