Picha Inayomwongoza Munganga Ndani ya Pua

Ndugu zangu, mgonjwa akituambia: «Padri, watanipasua kwa njia ya pua, lakini kuna mashini inayoona yote,» tumjibu nini? Kwanza tujue mashini hiyo inafanya nini.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa. Vikizibwa muda mrefu kwa usaha au vinyama vinavyoota puani, na dawa zikishindwa, munganga huingiza puani mwanzi mwembamba wenye taa, akafungua milango ya vyumba vile kwa vyombo vidogo. Munganga Messerklinger wa Graz, katika Austria, ndiye aliyeionyesha njia hiyo. Hatari yake ni majirani: juu ubongo, kando jicho, nyuma mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni. Mfupa ulio kati ya vyumba na jicho huitwa lamina papyracea. Sisi tuliosumbuka na Kilatini twafahamu mara moja: bamba la karatasi. Chombo kikipenya hapo, mtu aweza kupofuka.

Kwa hiyo, katika miaka ya 1980, waganga wa Aachen, Ujerumani, walianza kutumia picha ziwaongoze. Mgonjwa hupigwa kwanza picha za skaneri. Siku ya kupasuliwa, akiisha kulazwa usingizi, munganga anagusa kwa kijiti cha chuma paji la uso, mgongo wa pua na kando ya macho. Mashini inalinganisha uso na picha. Tangu hapo alama kama msalaba mdogo inaonyesha katika picha ncha ya chombo iko wapi, kwa kosa la milimita 2 hivi, mambo yakienda vema.

Milimita 2! Na lamina ile haifiki hata milimita 1. Tena picha ni ya kabla: kinyama kilichokwisha kuondolewa kingali kinaonekana pale. Na alama iliyofungwa kichwani mwa mgonjwa ikisogea kidogo tu, msalaba ule unadanganya, wala mashini haijui. Basi munganga mwenye busara hugusa mara kwa mara mfupa anaoujua, apate kuipima picha. Ikipingana na jicho lake, anasimama.

Msaada huu wawafaa hasa waliokwisha kupasuliwa zamani, ambao njia zao za asili zimeharibika, na wenye uvimbe karibu na ubongo. Wengine wengi hawauhitaji.

Tumwambie mgonjwa wetu kwamba anayepasua ni munganga, wala asione haya kumwuliza amekwisha kufanya kazi hiyo mara ngapi. Na ugonjwa ukiwa mzito, kitabu cha ibada cha 1972 charuhusu apewe Mpako wa wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Wakatekista, mtuiteni mapema, siyo asubuhi ile ile.