Faharasa: kutoka kitabuni hadi kwenye hifadhidata

faharasa nm [i-/zi-]

Neno hili lenye asili ya Kiarabu humaanisha orodha ya maneno au mada iliyopangwa kialfabeti mwishoni mwa kitabu, pamoja na kurasa zinakopatikana. Katika taaluma ya kompyuta maana hiyo imepanuliwa: faharasa ya hifadhidata ni orodha iliyopangwa ya data za safu wima fulani, inayoiwezesha programu kuufikia mstari unaotakiwa bila kulisoma jedwali zima.

Muundo unaotumika sana, mti-B, ulielezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1972. Iwapo kila ukurasa wa mti huo una vielekezi 100, hatua 3 hutosha kulifikia neno moja kati ya 1,000,000. Bila faharasa, mistari yote 1,000,000 hukaguliwa.

Mwanzo wa neno

Faharasa hiyo, kama kamusi, husomwa kuanzia herufi ya kwanza. Ulizo la SQL lenye sharti `neno LIKE 'som%'` huweza kuitumia, likaleta *soma*, *somo* na *somesha*. Sharti `neno LIKE '%som%'` haliwezi, kwa kuwa mwanzo wa neno haujulikani.

Kwa Kiswahili kikwazo hiki si kidogo, kwani mzizi wa kitenzi hutanguliwa na viambishi: *anasoma*, *walisoma*, *hawajasoma*. Anayetafuta mzizi hulazimika kutumia sharti la pili. Ulizo huzidi kukawia kadiri jedwali linavyokua, na bado huleta yasiyohusika, kama vile *Wasomali*.

Suluhisho

Uchanganuzi wa mofolojia ufanywe mara moja, data zinapoingizwa. Huongezwa safu wima ya mzizi, nayo hujengewa faharasa:

`CREATE INDEX faharasa_mzizi ON maneno (mzizi);`

Sharti huwa `mzizi = 'som'`. Amri ya EXPLAIN huonyesha iwapo faharasa imetumika kweli. Hata hivyo, kila faharasa huchukua nafasi na hupunguza kasi ya kuingiza data; zisiongezwe ovyo.

Tanbihi ya matumizi

Baadhi ya wafasiri hutumia *hoja* badala ya *ulizo*. Neno *hoja* tayari lina maana yake katika mjadala, hivyo sentensi "Hoja hii ni nzito" huweza kusifu fikra au kulalamikia ulizo linalokawia. *Ulizo* huondoa utata huo.