Manukato humtuliza mwenye ulemavu wa akili, lakini si dawa

MWISHONI mwa miaka ya 1970, wataalamu wawili wa Uholanzi, Jan Hulsegge na Ad Verheul, walianzisha katika kituo cha De Hartenberg vyumba vya mwanga hafifu, muziki na harufu nzuri kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Baadaye nchi nyingine ziliiga.

Manukato ya mimea, kama vile lavenda, hayaondoi ulemavu. Faida yake ni utulivu na, zaidi ya hayo, nafasi ya kuchagua. Asiyeweza kusema hunusishwa chupa mbili. Akigeuza uso, mlezi aelewe kwamba amekataa, wala asimlazimishe.

Tahadhari inahitajika. Kifafa huwapata watu hao zaidi kuliko wengine, na mafuta ya mkaratusi yakimezwa huweza kuleta degedege. Mafuta ya karafuu yasipozimuliwa huweza kuunguza ngozi.

Kwa hiyo mlezi amwone daktari kwanza. Akiruhusiwa kupaka lavenda, matone 2 katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yatosha. Chupa zifungiwe kabatini, na dawa za hospitali zisiachwe.